Kanuni za umbali kati ya mitambo ya FM zinamlinda nani: msikilizaji au mwenye leseni?

#1 MnaraMrefu

Habari za leo wanajukwaa.

Kila mara suala la vituo vipya vya FM linapojadiliwa humu, jibu linalotolewa haraka ni kwamba masafa yamejaa. Jibu hilo lina ukweli, lakini kujaa kwa masafa hutegemea kanuni ya umbali iliyotumika kuhesabu, na kanuni hiyo huandikwa na watu, mara nyingi baada ya kuwasikiliza wale ambao tayari wana leseni mkononi. Nitatumia Marekani kama mfano mkuu kwa sababu huko kanuni zimewekwa wazi katika majedwali ya kilometa, na ugomvi wake umefika hadi bungeni. Kisha nitarudi kwetu, ambako utaratibu ni mwingine.

Tuanze na fizikia, maana bila hiyo mjadala wa umiliki hugeuka kuwa malalamiko matupu. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na kupinda kidogo tu kufuata mviringo wa dunia. Antena iliyo mita 100 juu ya ardhi inayoizunguka ina upeo wa takriban kilometa 41. Ukiipandisha hadi mita 300 upeo unafika kilometa 71, na kwa mita 600 unakaribia kilometa 100. Ndiyo maana fundi yeyote akiambiwa achague kati ya wati zaidi na mlima, atachagua mlima. Hata hivyo mawimbi hayakatiki ghafla kwenye upeo. Mabaki yake huendelea mbele, na mabaki hayo ndiyo yanayoleta shida, kwa kuwa ishara isiyotosha kusikilizwa kwa raha inatosha kabisa kuharibu ishara ya mwenzake. Kwa matangazo ya stirio kwenye masafa yaleyale, viwango vya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, vinataka ishara inayosikilizwa iizidi ile inayosumbua kwa desibeli 45 pale usumbufu unapokuwa wa kudumu, yaani zaidi ya mara 30,000 kwa kipimo cha nguvu. Tofauti ya masafa ikifika kilohezi 200, hitaji hilo hushuka hadi desibeli 7. Ikifika kilohezi 400 linakuwa desibeli 20 chini ya sifuri, maana yake jirani anaweza kukuzidi nguvu mara 100 na bado redio ikamtenga.

Marekani iligeuza fizikia hii kuwa jedwali. Tume ya Mawasiliano ya huko, FCC, imegawa bendi ya megahezi 88 hadi 108 katika chaneli 100 za kilohezi 200, na ndiyo sababu masafa yao yote huishia kwa namba witiri: 88.1, 88.3, 88.5 na kuendelea. Vituo vimepangwa kwa madaraja. Daraja A, lililo dogo kati ya yale ya kibiashara, lina kikomo cha kilowati 6 na antena ya mita 100, na usikivu wake hukadiriwa kuwa nusukipenyo cha kilometa 28. Daraja C kamili huruhusiwa kilowati 100 na antena ya hadi mita 600, na hukadiriwa kufika kilometa 92. Vituo viwili vya daraja A vilivyo kwenye chaneli moja lazima vitengane kwa kilometa 115. Vikiwa majirani wa kwanza, yaani tofauti ya kilohezi 200, lazima viachane kwa kilometa 72, na majirani wa pili au wa tatu kwa kilometa 31. Kwa vituo viwili vya daraja C namba hizo ni 290, 241 na 105.

Jedwali hilo lina safu nyingine ambayo wengi huishangaa wanapoiona mara ya kwanza. Vituo vinavyotofautiana kwa megahezi 10.6 au 10.8, kwa mfano 94.1 na 104.7, navyo huwekewa umbali, ijapokuwa kwenye bendi vinaonekana havina uhusiano wowote. Sababu iko ndani ya redio yenyewe: redio nyingi hubadilisha ishara iliyopokelewa kuwa masafa ya kati ya megahezi 10.7, na vituo viwili vyenye nguvu vilivyoachana kwa kiasi hicho vinaweza kuchanganyika na kuingia moja kwa moja katika hatua hiyo.

Sasa tazameni hesabu. Vituo viwili vya daraja C kwenye chaneli moja, kila kimoja kikiwa na nusukipenyo cha kilometa 92, vikitengwa kwa kilometa 290 vinaacha katikati yao kilometa 106 ambazo hakuna hata kimoja kinachohesabiwa kuzihudumia. Mtu aliye hapo hana matangazo ya uhakika kwenye chaneli hiyo, na wala jirani yake hawezi kupewa leseni ya chaneli hiyo. Kwa hiyo mwenye leseni ana haki mbili: haki ya kusikika katika eneo lake, na haki ya kuzuia katika eneo kubwa kuliko hilo. Leseni inapouzwa, haki zote mbili huuzwa kwa pamoja, na kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo inayoeleza tabia nyingi za wamiliki.

Angalieni kilichofuata baada ya sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996. Kabla yake mmiliki mmoja alikuwa na kikomo cha nchi nzima, ambacho kuanzia mwaka 1994 kilikuwa vituo 20 vya FM na 20 vya AM. Sheria ile ilifuta kikomo cha kitaifa na kubakiza vikomo vya soko la mahali: katika soko lenye vituo 45 au zaidi, mmiliki mmoja anaweza kuwa na vituo 8, lakini visizidi 5 vya aina moja, iwe FM au AM. Kampuni ya Clear Channel, iliyokuwa na vituo makumi machache, ilivuka 1,000 katika muda wa miaka michache. Gumzo kubwa lilikuwa juu ya idadi hiyo. Kilichonivutia mimi ni biashara ya kuhamisha minara iliyoshamiri sambamba nayo: mmiliki hununua kituo cha mji mdogo, hubadilisha mji uliotajwa kwenye leseni, kisha husogeza mtambo hatua kwa hatua kuelekea jiji lenye matangazo ya biashara. Ili kilometa za jedwali zitimie, hulipa kituo kingine kibadilishe chaneli au kishuke daraja. Mwenye vituo vingi hufanya hivyo kwa wepesi, kwa sababu kituo kinachotakiwa kupisha mara nyingine ni chake mwenyewe. Mwaka 2011 FCC ililazimika kukaza masharti ili vijiji visiendelee kuhamwa. Kwa namna hiyo kanuni iliyoandikwa kuzuia mwingiliano ilikuwa imegeuka ramani ya bei.

Mfano wa wazi zaidi ni vituo vidogo. Mwaka 1978 FCC iliamua kuacha kutoa leseni mpya za vituo vya wati 10 vilivyokuwa vikiendeshwa na shule na vyuo. Januari 2000, chini ya mwenyekiti William Kennard, ilianzisha huduma ya FM ya nguvu ndogo kwa mashirika yasiyo ya faida: wati 100, antena ya mita 30, usikivu wa takriban kilometa 5.6. Eneo la kituo cha daraja C ni kama mara 270 ya eneo hilo. FCC ilibakiza umbali wa chaneli moja, wa jirani wa kwanza na wa jirani wa pili, lakini iliondoa sharti la jirani wa tatu, yaani tofauti ya kilohezi 600, kwa kuwa wahandisi wake waliona madhara yake ni madogo. Chama cha watangazaji wa kibiashara, NAB, kilipinga. Redio ya umma ya taifa, NPR, nayo ilipinga, jambo linaloonyesha kwamba suala halikuwa faida pekee. Desemba 2000 bunge lilirudisha sharti hilo kwa sheria na kuagiza utafiti. Shirika la MITRE lilipima na kutoa ripoti mwaka 2003, likaona kwamba usumbufu wa jirani wa tatu hutokea karibu sana na mtambo tu. FCC ilipendekeza kwa bunge sharti liondolewe, lakini sheria ya kuliondoa ilitiwa saini na Rais Obama tarehe 4 Januari 2011. Miaka kumi ilipotea, na katika miji mikubwa miaka hiyo ilimaanisha kwamba karibu hakuna kikundi cha kijamii kilichoweza kupata nafasi.

Wakati huohuo, mitambo ya kurudishia matangazo ya vituo vikubwa, yenye hadi wati 250, haikupimwa kwa jedwali hilo. Ilihesabiwa kwa mizunguko ya nguvu ya ishara, yaani mistari ya ramani inayoonyesha ishara inafika wapi kwa kiwango fulani, na mwombaji aliruhusiwa kuonyesha kwamba ndani ya kipande kitakachosumbuliwa hakuna watu wanaoishi. Dirisha la maombi lilipofunguliwa mwaka 2003, yaliingia maombi zaidi ya 13,000, na makundi mawili yenye uhusiano yaliwasilisha zaidi ya 4,000 kati ya hayo. Wati 250 za mtandao mkubwa zilionekana salama mahali ambapo wati 100 za kikundi cha mtaa zilionekana hatari. Sijapata hadi leo maelezo ya kifizikia yanayoweza kutetea tofauti hiyo.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja. Kwa kuwa majirani wa kwanza, wa pili na wa tatu wote wamezuiwa kukaa pamoja, vituo vikubwa vya jiji la Marekani huachana kwa kilohezi 800. New York ni 92.3, 93.1, 93.9, 94.7, 95.5 na kuendelea kwa hatua hizo hadi 107.5. Linganisheni na Nairobi, ambako Hope FM iko 93.3, Milele 93.6 na BBC 93.9, au Dar es Salaam, ambako Clouds iko 88.5 na Wasafi 88.9. Kwa jedwali la Marekani, safu ya Nairobi ingepaswa kufungwa. Wasikilizaji wa Nairobi wanaamka nayo kila siku.

#2 Mpimaji wa Mawimbi

Ndugu MnaraMrefu, nakushukuru kwa uzi wenye uzito. Hata hivyo, kama mtu aliyekula chumvi katika vyumba vya mitambo, naona umepita haraka mno mahali penye utelezi.

Kwanza, viwango vya desibeli ulivyovitaja vinachukulia kwamba mtambo ni msafi. Mtambo wa bei nafuu usio na kichujio, uliofunguliwa kupita ukengeukaji wa kilohezi 75, yaani kiasi ambacho masafa huruhusiwa kuyumba kufuata sauti, ili usikike kwa kishindo kuliko wenzake, haubaki ndani ya kilohezi zake. Ukimpa nafasi ya kilohezi 300 pembeni ya mwenzake, umempa ruhusa ya kumwingilia. Kanuni inayoonekana kali kupita kiasi mara nyingine huandikwa na mtu anayejua hali halisi ya mitambo iliyoko vileleni.

Pili, vituo vilivyopangwa kwa hatua zilizolingana vina ugonjwa wake. Ishara mbili zenye nguvu zikikutana katika mtambo, katika kiungo chenye kutu cha mnara au ndani ya redio, huzaa ishara ya tatu ambayo masafa yake ni mara mbili ya ya kwanza ukitoa ya pili. Chukua safu yako ya Nairobi uihesabu: mara mbili ya 93.6 ni 187.2, ukitoa 93.3 unapata 93.9. Sisemi kwamba BBC inasumbuliwa huko. Ninachosema ni kwamba kila anayepanga masafa kwa hatua sawa hujenga mtego huo, na unanasa siku ambayo matengenezo yanalegalega.

Tatu, usisahau ndege. Juu ya 108 kuna vifaa vya kuongozea ndege kutua, na kuanzia 118 kuna mazungumzo ya marubani na waongoza ndege. Kituo cha 107.5 na kituo cha 96.5 vikichanganyika vibaya, mara mbili ya cha kwanza ukitoa cha pili ni 118.5. Huo ni mfano wa hesabu tu, lakini mamlaka inapofunga mtambo kwa sababu ya uwanja wa ndege, tusikimbilie kusema ni siasa. Inaweza kuwa siasa, na inaweza kuwa hesabu ileile.

#3 Bi Mwambao

Hodi wenyewe. Mimi ninaishi Unguja, na ninaomba wataalamu wanifafanulie jambo moja. Kuna majira, hasa jioni zenye utulivu wa upepo, ambapo vituo vya bara vinaingia hapa kama vina mitambo Darajani, na vingine nisivyovitambua hupanda juu ya kituo ninachosikiliza. Kesho yake asubuhi vimetoweka. Je, hapo nani amevunja kanuni?

#4 MnaraMrefu

Nianze na Bi Mwambao, kwa kuwa swali lake ni fupi na jibu lake huenda lisimridhishe: inawezekana kabisa hakuna aliyevunja kanuni. Hewa ya joto ikitanda juu ya hewa ya ubaridi na unyevu iliyo karibu na bahari, mawimbi hunaswa katika tabaka la chini na kusafiri mbali kuliko upeo wao wa kawaida. Unguja mjini na Dar es Salaam zimetenganishwa na maji kwa takriban kilometa 70 tu, kwa hiyo hata siku ya kawaida mitambo ya upande mmoja husikika upande wa pili. Pendekezo la ITU linalotumika kukadiria usambaaji wa mawimbi lina mikondo tofauti kwa nchi kavu, bahari ya baridi na bahari ya joto, na yetu ni ya joto. Ndiyo maana viwango vya ulinzi huwa viwili: desibeli 45 kwa usumbufu wa kudumu, na 37 kwa ule unaotokea sehemu ndogo ya muda kama huo wako. Jedwali la kilometa lililoandikwa kwa ajili ya nyika ya bara lingekosea katika mwambao wote kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Na hapo ndipo naingia katika utaratibu wetu. Sisi hatutumii jedwali la Marekani. Afrika, Ulaya na nchi za Kiarabu ziko chini ya mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 1984, unaofahamika kama GE84, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 1987. Hatua ya masafa ni kilohezi 100, ndiyo maana tuna 98.4 na 105.2 ambazo Mmarekani hawezi kuwa nazo. Katika mpango ule kila mtambo umeandikwa kwa mahali pake, nguvu yake, urefu wa antena yake na pande ambazo nguvu inapaswa kupunguzwa. Nchi inayotaka kuongeza au kubadilisha hulazimika kukubaliana na jirani yake iwapo mabadiliko yatamfikia. Tunduma, Namanga, Horohoro, Goma na Gisenyi haziwezi kupangiwa masafa na mamlaka ya nchi moja peke yake.

Tatizo ni mwaka wenyewe. Mwaka 1984 Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, Zanzibar ilikuwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar, na Kenya ilikuwa na Sauti ya Kenya. Zote ni za serikali. Mpango uliandikwa kwa ajili ya mitandao michache ya kitaifa yenye mitambo mikubwa juu ya milima. Sheria ya huduma za utangazaji ya Tanzania iliyofungua mlango kwa watu binafsi ni ya mwaka 1993, na Capital FM ya Nairobi ilianza 1996. Wamiliki wapya walikuta meza iliyopangwa kwa wageni wachache wenye sahani kubwa. Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, wenye makao Nairobi, umeshirikiana na ITU kuupitia upya mpango huo kwa upande wa Afrika ili nafasi zaidi zipatikane, na kazi hiyo ilistahili kuzungumzwa na waandishi wa habari kuliko ilivyozungumzwa.

Sasa kwako, Mpimaji. Nakubaliana nawe kuhusu mitambo michafu, na hoja yako ya 118.5 sina la kuipinga. Lakini tazama kile ambacho hesabu zako zinadai kwa kweli. Tuseme kituo cha kwanza kiko mlimani, kilometa 20 kutoka kwa msikilizaji, na cha pili, chenye nguvu sawa, kiko juu ya ghorofa kilometa 1 kutoka kwake. Kwa umbali peke yake, cha pili kinamfikia kikiwa na desibeli 26 zaidi. Kwa tofauti ya kilohezi 300 ITU inavumilia desibeli 7 tu, na kwa 400 inavumilia 20. Msikilizaji huyo ameumia katika hali zote mbili. Sasa hamisha vituo vyote viwili kwenye mnara mmoja, kwa nguvu moja na urefu mmoja: tofauti inakuwa sifuri mtaani kwake, na sifuri katika kila mtaa wa jiji. Kwa majirani wa kilohezi 300 au 400, umbali ulio salama ni mkubwa sana au ni sifuri. Wa katikati ndio unaoua. Jedwali la Marekani linakataza hata ule wa sifuri.

Kwa hiyo mnara wa pamoja ungefungua nafasi nyingi. Kinachozuia ni umiliki. Mnara ni wa nani? Kila kampuni kubwa imejenga wake, na anayekuja nyuma akiomba kupanga hutajiwa kodi ambayo kikundi cha wilayani hakiiwezi, au huambiwa mnara hauwezi kubeba uzito zaidi. Ningependa leseni ya mnara itenganishwe na leseni ya maudhui, kama tulivyofanya katika televisheni ya dijitali, ambako anayesambaza mawimbi hupewa leseni tofauti na anayetengeneza vipindi.

#5 Mpimaji wa Mawimbi

Hesabu ya desibeli 26 naikubali. Ongeza tu gharama ya kuunganisha. Kuingiza mitambo miwili katika antena moja kunahitaji vichujio, na kadiri masafa yanavyokaribiana ndivyo vichujio vinavyokuwa vikubwa, ghali na vyenye kupoteza nguvu. Tofauti ya megahezi 2 ni kazi nyepesi. Kilohezi 400 ni kazi ya fundi mzoefu mwenye vifaa vya kupimia. Kwa 300 wengi huamua kutumia antena mbili tofauti kwenye mnara uleule, moja juu ya nyingine. Mnara wa pamoja bila mtu wa kuusimamia kitaalamu utarudisha ule ugonjwa wa ishara ya tatu nilioueleza.

#6 Mwana Kigoma

Wakubwa zangu, shikamooni. Naona mnajadili jiji, lakini huku pembezoni masafa yanaliwa kwa njia nyingine. Leseni kwetu Tanzania hutolewa kwa ngazi: kitaifa, kimkoa, kiwilaya, na zile za jamii. Kituo cha kitaifa cha FM hakina mtambo mmoja. Kina mtambo katika kila mkoa, na kwa kuwa mitambo inayokaribiana haiwezi kutumia masafa yaleyale bila kugombana, kila mkoa unahitaji nafasi yake. Kituo kimoja, kwa kipindi kilekile cha asubuhi kinachotangazwa kutoka Dar es Salaam, kinachukua nafasi nyingi nchini. Vikiwa vituo kumi vya namna hiyo, nafasi kumi za mji wetu zimekwenda kabla ya mwenyeji hajafungua mdomo. Katika rejista anahesabiwa mmiliki mmoja mwenye kituo kimoja.

Kwa Kenya nakumbuka kanuni za utangazaji za mwaka 2009 zilisema mtu asipewe zaidi ya nafasi moja ya masafa ya redio katika eneo moja la usikivu, isipokuwa mtangazaji wa umma. Lakini hao wa kitaifa wako sawa kabisa na kanuni kama hiyo, maana wana nafasi moja tu katika kila eneo. Je, hakuna njia ya kituo cha kitaifa kutumia masafa yaleyale nchi nzima?

#7 MnaraMrefu

Marahaba, Mwana Kigoma. Hoja yako ni nzuri kuliko nusu ya niliyoandika mimi. Tumezoea kupima umiliki kwa kuhesabu majina ya vituo, wakati kinachopungua nchini ni nafasi za masafa katika kila eneo. Kipimo cha haki kingejumlisha nafasi zote za mmiliki mmoja pamoja na idadi ya watu walio ndani ya mizunguko yake.

Njia unayoiulizia ipo, na Italia wanaitumia. RTL 102.5 husikika kwa 102.5 katika sehemu kubwa ya nchi, na Isoradio, redio ya taarifa za barabarani, hufuata barabara kuu kwa 103.3. Mitambo yote hufuata saa moja ya satelaiti, sauti hucheleweshwa kwa makusudi ili ifike kwa wakati mmoja pale mizunguko inapopishana, na sehemu za kupishana hupangwa ziangukie mahali pasipo na watu wengi. Kwenye barabara ndefu jambo hili hufanya kazi vizuri. Katika nchi ya mabonde na miinuko ya katikati, sehemu za kupishana zinakuwa nyingi na stirio huharibika kwanza. Kwa ukanda wa barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma ningethubutu kulijaribu. Kwa Milima ya Uluguru au Usambara nisingethubutu.

#8 Mwana Kigoma

Ahsante sana, mkuu. Basi niulize la mwisho, la kivitendo. Kikundi chetu kikiambiwa kwamba wilaya haina nafasi, kinaweza kujiridhisha vipi bila kuajiri mhandisi kutoka jijini?

#9 Mpimaji wa Mawimbi

Hili niachieni mimi, ndiyo kazi yangu. Tembeeni na redio ya gari yenye kuonyesha namba, pamoja na kipimo cha nguvu ya ishara mkiweza kukiazima, katika vijiji vya kusini, kaskazini, mashariki na magharibi mwa wilaya. Andikeni kila masafa yanayosikika, kwa saa tofauti za siku, na jina la kituo. Kiwango cha ITU cha usikivu wa stirio vijijini ni desibeli 54, mijini 66 na katika majiji makubwa 74, zikipimwa kwa mikrovolti kwa mita kwenye urefu wa mita 10 juu ya ardhi. Kituo kilichoandikwa katika leseni kwamba kinahudumia wilaya yenu, lakini hakifiki 54 katika kijiji hata kimoja, kinashikilia nafasi bila kuihudumia, na hiyo ndiyo hoja ya kupeleka kwa maandishi TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Pelekeni pia masafa mliyoyakuta kimya, mkionyesha kwamba mmeangalia yaliyo kilohezi 100, 200 na 300 pande zote mbili, na yale yaliyo megahezi 10.7 juu na chini.

Ombeni wati chache na antena yenye mwelekeo. Maombi ya wati 100 yanayoonyesha kwamba nguvu imepunguzwa kuelekea mpaka wa Burundi na Kongo yana nafasi nzuri kuliko ya kilowati 1 inayomwagika pande zote, kwa sababu ya kwanza huenda yasihitaji barua hata moja kwenda Bujumbura au Kinshasa.